Fedha za Kuwafundisha Wauguzi Juu ya Saratani ya Kongosho

Ndugu Mwenyekiti, nanyi wenzetu wa matawi,

Reli haikufika Kisii wala Nyamira, lakini wengi wetu tumezaliwa huko, na wazee wetu wangali huko. Leo twaomba jambo moja: sehemu ya mfuko wa msaada iwalipie wauguzi na matabibu wa zahanati za kwetu mafunzo juu ya saratani ya kongosho.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa tumbo, na saratani yake haijitangazi mapema. Mzee hukonda, huumwa tumbo mpaka mgongoni, naye hupewa dawa ya vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi. Mwingine huanza kisukari ghafula uzeeni, huku akikonda. Macho yakigeuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi, majirani husema amelogwa (tusifichane, twajua). Afikapo hospitali ya rufaa ya Kisii, mara nyingi upasuaji, ambao ndio tumaini la kupona, haufai tena.

Muuguzi aliyefundishwa hatapata mashine, ni kweli. Lakini atajua la kuuliza, na barua ya rufaa ataiandika siku ile ile.

Wako watakaosema afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Naam, na tuwadai. Lakini gari la kusafirisha maiti kutoka Nairobi twalichangia bila ubishi, wala hatungoji kaunti.

Kila tawi lijibu kabla ya mkutano ujao, litaje na shilingi.