Kalenda ya Kikundi Ianze na Mvua

(Mazungumzo tuliyotoa, sisi viongozi wa kikundi kimoja cha kina mama kutoka Makueni, katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya kupanga kazi za kikundi ili zisigongane. Sisi si wataalamu. Nafikiri, au tuseme tunafikiri, tumeitwa kwa sababu tuliwahi kukosea vibaya, na wengi wenu mlisikia.

Kikundi chetu kina wanachama 28. Tuna merigo ya kila mwezi, kitalu cha miche, mbuzi wa maziwa wachache, na mwethya, yaani ile kazi ya zamu kwenye mashamba yetu: kuchimba matuta ya fanya juu, kupanda, kupalilia. Kila mwezi Januari karani alikuwa akichukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani, na kuandika mambo kadiri yalivyokuja. Barua ya semina ikifika, inaandikwa. Chifu akiitisha baraza, linaandikwa. Wageni wakisema watakuja, tunasema karibuni. Kalenda ilijaa mpaka pembeni, na sisi tulijivunia. Tulionekana kikundi chenye shughuli.

Sasa hebu tuwaeleze yaliyotupata miaka michache iliyopita. Nyinyi watu wa Ukambani mnajua mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya mwisho wa mwaka. Kwetu huanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, na ikifika Krismasi mara nyingi imekwisha. Mahindi ya Katumani hutoa mbelewele siku 50 na kitu baada ya kuota, na wakati huo ndipo yanapotaka maji kuliko wakati mwingine wowote. Hesabu wenyewe. Anayepanda kwenye vumbi kabla ya mvua, mahindi yake yanachanua unyevu ukiwa bado ardhini. Anayechelewa wiki tatu, yake yanachanua Januari kwenye jua kali.

Tulianza zamu za kupanda katikati ya Oktoba, siku tatu kwa wiki, shamba moja kwa siku. Mama mmoja, mjane anayelea wajukuu, zamu yake ilikuwa ya 17. Wengine walioona zamu iko mbali walipanda wenyewe na plau ya jirani. Yeye hakuwa na mikono wala ng'ombe, akangoja kikundi. Katikati hapo ikaja semina ya siku tatu. Wakaja wageni, siku moja. Kabla ya wageni tulipoteza siku nyingine nzima tukifanya mazoezi ya nyimbo za kuwakaribisha (msicheke, hata nyinyi mnafanya). Na siku moja tulizika. Jumla siku 6 za zamu, yaani wiki mbili. Shamba la yule mama lilipandwa wiki ya kwanza ya Desemba. Alivuna mabua. Aliwapa mbuzi.

Hakulalamika. Aliacha tu kuja. Mweka hazina alipomtembelea Februari kuuliza kuhusu merigo, aliambiwa maneno machache: "Nyinyi mna kazi nyingi, sitaki kuwasumbua." Maneno hayo yalituuma kuliko matusi.

Mwanzoni tuliwalaumu wageni na wenye semina. Ni rahisi kulaumu gari linaloondoka. Lakini karani alikaa chini na kalamu akatuonyesha jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Wanachama 28, siku tatu kwa wiki, ni zaidi ya wiki 9. Hata kama asingekuja mgeni yeyote, mama huyu angepandiwa wiki ya tatu ya Novemba, na wa mwisho kabisa karibu na Krismasi. Mpango wenyewe haukuwezekana tangu siku ya kwanza! Tulikuwa tunaandika kazi bila kuuliza kama siku zipo.

Basi tulifanya hivi. Tulinunua karatasi kubwa ya manila, tukachora miezi 12, tukaitandika chini ya mwembe. Kila mtu alipewa punje 20 za mahindi, aziweke kwenye miezi inayomlemea zaidi. Hapo hata asiyejua kusoma anasema sawa na mwalimu. Novemba ilijaa punje. Jambo lililotushangaza ni Septemba na Oktoba, ambazo viongozi tuliziona kama miezi ya kupumzika. Kina mama walirundika punje hapo kwa sababu visima vya mtoni vimekauka na safari ya maji inakula asubuhi yote. Wanaume wachache waliokuwepo hawakuweka hapo hata punje moja. Tuliwaacha waangalie karatasi wenyewe.

Baada ya hapo tulibadilisha kazi yenyewe. Kupanda hakufanywi tena na kikundi kizima. Tumejigawa timu 7 za watu wanne wanne, wenye mashamba ya karibu, na kila timu inamaliza mashamba yake kwa siku nne. Asiye na nguvu wala ng'ombe anatangulia. Kikundi kizima kinakutana kwa matuta, Februari baada ya kuvuna na tena Agosti, kwa maana tuta linaweza kungoja wiki moja na mbegu haiwezi. Septemba tumepunguza, kwa ajili ya maji.

Kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 10 Desemba kalenda yetu imefungwa. Hakuna semina, hakuna wageni, merigo inakusanywa na timu bila mkutano. Na hata miezi mingine tunaacha siku moja kila wiki bila kuandikwa kitu, kwa sababu mtoto ataugua na mazishi yatakuwepo.

Kuifunga ilikuwa vigumu, tusiwadanganye. Ofisi moja iliandika inataka kutufundisha mwezi wa Novemba. Tulijibu kwa heshima kwamba tungefurahi mwezi wa Februari. Wengine wetu walisema, "Mmefukuza msaada!" Ofisi hiyo ilikuja Februari, na kila mtu alisikiliza maana hakuna aliyekuwa akiwaza shamba. Ofisi nyingine tuliyoijibu hivyo haikurudi mpaka leo. Hiyo nayo tumeikubali.

Yule mama alirudi, lakini si haraka. Alikaa nje msimu mzima. Oktoba iliyofuata timu ya majirani zake ilienda kumpandia bila kumuuliza kama bado ni mwanachama. Mahindi yalikuwa ya wastani, mbaazi alivuna Agosti. Mwaka huu ndiye anayetunza kopo la punje.

Karatasi yetu tumeibandika pale ukutani karibu na mlango. Karani yuko hapo mpaka saa tisa. Mwenye kutaka kunakili aje na kalamu yake, tuliyo nayo ni moja.