Punk, Mitandao na Kaswida Zetu



Najua mtashangaa. Mtu atoke Kisumu mpaka Port Victoria, mwezi wa Ramadhani, aje kuzungumzia muziki wa punk! Zile kelele za magitaa, nywele zimesimama kama kishungi cha jogoo? Ndiyo, hizo hizo. Ningojeni kidogo.

Punk ilipovuma Marekani na Uingereza miaka ya 1970, vijana wengi hawakungoja redio wala kampuni kubwa. Walirekodi wenyewe, wakatumiana kanda kwa posta, wakaandika vijarida na kuvitoa fotokopi. Hata riwaya The Taqwacores ya Michael Muhammad Knight, inayohusu Waislamu wapenda punk, mwanzoni aliisambaza mwenyewe kwa fotokopi. Kisa ni cha kubuni, lakini vijana Waislamu kule Marekani walikisoma, na bendi za kweli kama The Kominas zikajulikana kwa jina hilohilo la taqwacore.

Mwaka 2003 ikaja MySpace. Bendi ndogo ikiweka wimbo leo, kesho unasikilizwa ng'ambo, bila stempu. Nani tena ahangaike na kanda? Wengi wakahamia huko na kila kitu chao.

Basi Machi 2019 MySpace ikakiri: katika kuhamisha seva, picha, video na nyimbo zilizowekwa zaidi ya miaka 3 nyuma huenda zisipatikane tena. Nyimbo zilikadiriwa kufika milioni 50! Baadaye zikapatikana kama 490,000 tu, na hizo ni kwa sababu kuna watafiti waliokuwa wamejinakilia kwa shughuli zao. Wenyewe walioimba, wengi hawakuwa na nakala.

Mimi nyumbani nina kanda ya mawaidha ya marehemu baba. Ikijikunja naizungusha kwa kalamu, inaendelea kulia.

Sasa wewe. Kuna kijana mmoja hapa, sauti yake mnaijua, simu yake ilitumbukia ziwani akivuka na mtumbwi. Akaniambia, "Si neno, kaswida ziko mtandaoni." Namba ya siri? Kaisahau. Laini iliyofungulia ukurasa? Imezama na simu. Kaswida anaziona, watu wanazisifu, kuzishusha hawezi. Na ule ukurasa ukiondoka je?

Sisemi muache mitandao, hapana. Hata Crystal Axis, bendi ya punk ya Nairobi, huweka nyimbo zake huko, na husikilizwa mbali.

Ila nimekuja na kompyuta na flashi mbili. Moja itabaki hapa msikitini, nyingine nitarudi nayo Kisumu. Baada ya futari, mwenye kaswida kwenye simu alete tunakili. Na waya wake, tafadhali, wangu ni mmoja tu.