Safura si Ugonjwa Mmoja



Mtu akipauka viganja na ulimi, akawa hupanda kilima kidogo akahema, moyo wamwenda mbio na kichwa chamzunguka, jirani hawakawii kusema, "Huyo ana safura." Mara mtoto hutumwa dukani kununua vidonge vya chuma. Yamkini vidonge vikamfaa, na yamkini visimfae hata kidogo. Kwa maana kupauka ni dalili tu, nayo hutokana na maradhi mengi.

Wekundu wa damu umo katika chembe ndogo mno zitengenezwazo ndani ya uboho wa mifupa. Kila chembe huishi siku 120 hivi. Damu hupungua imwagikapo, au chembe zisipotengenezwa za kutosha, au ziharibiwapo kabla ya wakati wake kama malaria ifanyavyo.

Upungufu wa kawaida kupita wote ni ule wa madini ya chuma. Mama mja mzito hugawana chuma na mtoto aliye tumboni. Mwanamke mwenye hedhi nyingi hukipoteza. Na atembeaye peku penye udongo uliochafuliwa na kinyesi huingiwa na minyoo ya safura kupitia ngozi ya miguu, nayo hujishikiza utumboni ikinyonya damu. Huyu akipewa chuma pasipo dawa ya minyoo, ni kama kujaza maji katika mtungi uliotoboka. Ini, nyama, maharagwe na mboga za majani hurudisha chuma, hasa pakiwapo ndimu au chungwa. Chai inywewapo pamoja na chakula hukizuia. Afadhali ingojewe saa moja au mbili.

Uko na upungufu utokao kwa kukosa vitamini B12, wenye kuleta ganzi miguuni. Zamani uliua, hata mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Marekani walipoonyesha kwamba wagonjwa hupata nafuu wakilishwa maini. Leo sindano yatosha.

Lakini katika Uganda lililo zito zaidi ni selimundu. Hapa chembe hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na hufa baada ya siku 10 hadi 20. Mtoto mchanga huvimba mikono na miguu, macho huwa manjano, na mifupa humuuma hata akesha akilia. Nao wapo waliodhani amerogwa. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walieleza kuwa miongoni mwa Baamba, magharibi mwa nchi, watu 45 hivi katika kila 100 walikuwa na urithi huo. Uchunguzi wa watoto wa nchi nzima, wa mwaka 2014 na 2015, ulikuta 13 hivi katika kila 100 wakiubeba. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha sababu ya urithi huo kudumu: aliyeupata kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, tena hukingwa kwa kiasi na malaria kali.

Msiba huja wabebaji wawili wakioana, kwani kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa. Mahali ambapo binamu huozana, hatari hiyo huzidi. Kipimo ni cha damu kidogo tu, nacho chafaa kufanywa kabla ya posa kukubaliwa.

Mgonjwa wa selimundu hapewi chuma ila kwa kipimo na amri ya daktari, maana aliyekwisha kutiwa damu mara nyingi, chuma humrundikia katika ini na moyo. Hupewa foliki, kinga ya malaria, penisilini mpaka afikie miaka mitano, na hidroksiurea ya kupunguza maumivu. Maji ayanywe kwa wingi, kwa kuwa kiu humchochea maradhi; na inapofika Ramadhani, amwulize tabibu wake kwanza, kwani mgonjwa ana ruhusa ya kula.