Kufika Mwisho wa Safari

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ipagala, Dodoma)



Asubuhi hii nimeletwa hapa kwa bodaboda. Mwendeshaji tulisoma naye darasa moja. Tulipofika langoni nikamwambia tuingie. Akakataa. "Ingieni ninyi mliofika," akasema. Nikakosa la kumjibu. Nikamlipa nauli, nikaingia peke yangu. Jambo hilo limeniuma, nami nimeiacha hotuba niliyoiandaa.

Nitasema habari za Joginder Singh, ambaye mwalimu wetu wa fizikia hakuchoka kumtaja. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na matope tunayoyajua vizuri sisi watu wa Dodoma. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Joginder alishinda mwaka 1965, yeye na mdogo wake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha tumika. Ikapita miaka tisa kabla hajashinda tena, mwaka 1974. Akashinda mara ya tatu mwaka 1976. Watu wakamwita Simba. Alifariki mwaka 2013.

Sasa tufanye hesabu, Ndugu zangu. Aliingia Safari mara 22. Alishinda mara 3. Lakini alifika mwisho mara 19. Yaani mara 16 alifika akiwa nyuma ya wengine, wala hakuona haya kurudi.

Sisi tukikutana hapa huulizana vyeo. Mimi mwenyewe, baada ya Chuo Kikuu, nilikaa miaka minane bila kupandishwa daraja kazini, na miaka yote hiyo sikuhudhuria mkutano huu. Nilisingizia kazi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kwa hiyo ninamwelewa mwenzetu aliyebaki langoni. Yeye analea familia na kusomesha watoto kwa pikipiki ile. Huko nako ni kufika.

Ombi langu ni dogo. Mwakani kila mmoja wetu amfuate nyumbani mwenzake mmoja asiyekuja, waje pamoja. Wa kwangu ninamjua.