Hotuba: Mwanafunzi Mwenye Ulemavu na Fungu la Elimu



Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wasema katika kifungu cha 24 kwamba watu hao wapate elimu ya juu bila ya kubaguliwa, tena watengenezewe mazingira yanayowafaa. Basi msaada huu ni haki, wala si sadaka.

Lakini haki ina gharama zake. Mtoto wa mwanachama aishiye Mji Mkongwe aweza kufaulu na kukubaliwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, huko Tunguu. Ada ikishalipwa, hubakia yasiyoandikwa katika risiti. Mwenye kiti cha magurudumu huzuiwa na ngazi za nyumba na kipandio cha daladala. Asiyeona huhitaji maandishi ya nukta nundu au msomaji. Kiziwi huhitaji mkalimani wa lugha ya alama. Hapo ndipo masomo yanapoweza kukatika.

Chuo kina wajibu wake, na Serikali ina wake. Chama nacho kifanye haya:

1. Katibu aorodheshe mapema watoto wa wanachama wenye ulemavu walioko sekondari.
2. Mwanafunzi aulizwe mwenyewe mahitaji yake, asikisiwe.
3. Mkutano mkuu upitishe fungu katika makadirio, na liandikwe katika muhtasari. Fungu lisilopitishwa hutegemea huruma ya mtu, na huruma huisha.

Elimu na kuijali jamii ni miongoni mwa misingi saba ya ushirika iliyotangazwa mwaka 1995. Haba na haba hujaza kibaba.