Mfuko wa Raia na Hazina ya Wakubwa

(Hotuba iliyotolewa kwa wanaharakati na waumini wa Migori na Homa Bay)



Wazee waliomo humu wanaukumbuka mwaka 1988. Wananchi walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea wa KANU, wakahesabiwa mchana kweupe. Chifu aliona nani amesimama wapi. Mwajiri naye aliona. Wakati huohuo hesabu za wakubwa hazikuonwa na mtu. Raia alianikwa, mtawala akafunikwa. Viongozi wa kanisa, akiwamo marehemu Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, waliukemea mtindo huo. Mlolongo ulifutwa Desemba 1990, na kifungu cha 2A kikaondolewa katika katiba Desemba 1991.

Twayakumbusha hayo kwa sababu leo kuna mlolongo wa namna nyingine, nao ni wa habari za fedha zetu.

Kenya ilitia sahihi mkataba wa mataifa wa kusaidiana katika mambo ya kodi mwezi Februari 2016, na mkataba huo ukaanza kutumika hapa nchini Novemba 2020. Sheria ya Fedha ya 2021 ikazitaka benki kukusanya habari za wateja ambao kwa kodi ni wakazi wa nchi nyingine, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2023. Benki hupeleka habari hizo kwa Mamlaka ya Ushuru, nayo huzipeleka nchi anakoishi mteja. Nchi nyingine hufanya vivyo hivyo kwa Wakenya wenye akaunti huko.

Tusitiane hofu bure. Mkulima wa Rongo anayeishi Rongo na kuweka akiba yake papo hapo, habari zake hazipelekwi ng'ambo kwa utaratibu huu. Lakini tumtazame muuguzi aliyezaliwa Rongo ambaye sasa anafanya kazi Uingereza, naye ana akaunti mjini Homa Bay. Benki itamtaka ajaze fomu na kueleza yeye ni mkazi wa kodi wa nchi ipi. Kisha jina lake, anwani, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kodi, nambari ya akaunti, salio la mwisho wa mwaka na riba aliyopata vitasafiri hadi Uingereza.

Sasa fikirini. Katika akaunti ile zimo fedha za mabati ya kanisa, karo ya mdogo wake na mchango wa matanga. Sisi twajua ni za nani. Afisa wa mbali aonapo salio, huona mali ya mtu mmoja. Tarakimu haijielezi yenyewe.

Je, tuseme basi kwamba siri zote zifungwe? Hapana. Oktoba 2021, karatasi zilizoitwa Pandora zilionyesha kwamba jamaa za Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, walihusishwa na kampuni zilizosajiliwa ughaibuni. Kuwa na kampuni ya namna hiyo si hatia peke yake. Lakini fedha zikiibwa katika zahanati zetu na kufichwa visiwani, zitapatikanaje kama nchi hazipashani habari? Sisi tuliodai uwazi hatuwezi kuwatetea wanaojificha. Twadai kwamba anayefungua mifuko ya watu naye afungwe na sheria.

Hatari ipo, nayo imekwisha kutokea kwingine. Julai 2019 ilijulikana kwamba mitambo ya mamlaka ya mapato ya Bulgaria imevunjwa, na habari za watu wapatao milioni 5 zikatolewa nje, katika nchi yenye watu milioni 7 hivi. Miongoni mwazo zilikuwamo habari zilizopokewa kutoka nchi nyingine. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini kata ikipita mikono mingi, siri haipo tena.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa mambo yake ya faragha pasipo lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka pawepo uthibitisho wa ulinzi wa kutosha, au ridhaa ya mwenyewe, kabla habari zake hazijavuka mpaka. Inampa pia haki ya kuziona na kuzisahihisha zikiwa na kosa.

Ngome hiyo imejaribiwa mara mbili. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kuipunguzia Mamlaka ya Ushuru masharti ya sheria hiyo. Mswada wote uliondolewa baada ya maandamano ya Juni mwaka huo, na damu ya vijana ilikwisha kumwagika. Mwaka 2025 likaja pendekezo la kufuta kinga inayozuia Mamlaka hiyo kudai data za kibinafsi za wateja kutoka kwa wafanyabiashara. Kamati ya Fedha ya Bunge ililikataa. Tusidhani halitarudi.

Waumini mnamjua Zakayo wa Yeriko. Yeye alijua mali ya kila mtu, na hakuna aliyejua yake. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alifungua mfuko wake mwenyewe na kurudisha alichodhulumu. Huo ndio utaratibu tunaoudai: mtoza ushuru aanze kwa kujifungua mwenyewe.

Basi tufanye haya. Kwanza, fedha za kanisa na za kikundi zisikae katika akaunti ya mtu mmoja. Zifunguliwe akaunti yake. Pili, fomu ya benki isomwe kabla ya kutiwa sahihi, na ijazwe kwa kweli. Hasa ndugu zetu wa Isebania na Muhuru Bay, wenye nyumba pande zote mbili za mpaka, wajue wameandikwa wakazi wa nchi ipi. Tatu, mwenye kuona kosa adai lisahihishwe, na akinyimwa apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nne, kila mswada wa fedha ufikapo, tuusome pamoja makanisani na tupeleke maoni yetu Bungeni kwa maandishi.

Tulikataa kuhesabiwa mgongoni mwa picha. Tulipe kodi kwa haki, wakubwa walipe yao hadharani, na mfuko wa mjane ubaki na heshima yake.