Hasira ya Gerezani Hutoka Wapi?



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko Bukoba mjini na ninyi wa huko Muleba mnaotusikiliza baada ya Misa, leo naomba twende pamoja mahali ambapo wengi wetu hatupendi hata kupatazama tunapopita barabarani. Twende gerezani.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuzungumza na mahabusu mmoja katika gereza mojawapo la nchi yetu. Alikuwa kijana wa upande wa Muleba. Usiku uliotangulia alikuwa amempiga mwenzake kwa ndoo na kumjeruhi kichwani. Kisa chenyewe kilikuwa kwamba mwenzake ametandika blanketi karibu na dirisha, mahali alipozoea kulala yeye. Nikamwuliza, "Mwanangu, ungemwua mtu kwa ajili ya upana wa mkeka?" Akanitazama kitambo, kisha akajibu, "Padri, pale ni pangu. Sina pengine."

Nilirudi nikiyatafakari maneno hayo, kwa sababu kesi iliyomleta ilianzia kwenye mpaka wa kibanja. Mtu aling'oa mulamula, ule mti tunaoupanda mipakani, usiku, kimya kimya. Asubuhi watu wa ukoo mmoja wakasimama na mapanga, na mtoto wa baba yake mdogo akafa. Ninyi mliozaliwa katika migomba ya Kihaya hamhitaji kuelezwa kibanja ni nini. Makaburi ya wazee wetu yamo humo.

Je, ukali ule wa usiku, kijana aliingia nao gerezani au gereza ndilo lililomtia? Wataalamu wa saikolojia na wa jamii wamebishana juu ya swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1958 Mmarekani Gresham Sykes aliandika juu ya gereza la Trenton, katika jimbo la New Jersey. Alisema kuwa mfungwa hunyang'anywa mambo matano: uhuru, mali, mwenzi, uwezo wa kujiamulia, na usalama wake mwenyewe. Mtu aliyepokonywa hayo yote hushika kwa meno kidogo kilichobaki, awe ni kipande cha sabuni au nafasi dirishani. Miaka minne baadaye, John Irwin na Donald Cressey wakasema kwamba hilo halitoshi, maana mtu huingia gerezani na desturi za maisha aliyoyaishi nje. Aliyefunzwa tangu utoto kwamba mpaka hulindwa kwa panga, ataulinda na mpaka wa mkeka.

Mimi naona wote wamesema kweli, na kijana wangu ni shahidi wao. Hata hivyo, kueleza kosa si kulifuta. Yule aliyepasuliwa kichwa naye ni mtoto wa mtu.

Kuna na uchungu wa kungoja. Sheria yetu haitoi dhamana kwa shtaka la mauaji, na kwa kawaida kesi yenyewe husikilizwa na Mahakama Kuu. Kabla ya hapo mahabusu hupelekwa mahakamani, huambiwa kwamba upelelezi haujakamilika, hurudishwa. Mwezi unapita, mwaka unapita. Mwenye hukumu anaweza kuhesabu siku zake. Huyu hana cha kuhesabu. Tuongeze na msongamano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magereza ya Tanzania Bara yaliyojengwa kwa ajili ya watu wapatao 22,000 yalihifadhi zaidi ya 40,000. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa mara moja, tukashukuru sana. Lakini msamaha wa namna hiyo haumfikii mahabusu, maana hajahukumiwa bado.

Wala tusiwasahau askari. Mwaka 1971, huko Marekani, Philip Zimbardo aliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu kuwa askari na wafungwa katika gereza la kuigiza. Jaribio lililopangwa kwa wiki mbili lilikatizwa baada ya siku sita, kwa sababu ya ukatili uliozuka. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba sare peke yake ilitosha kuwaharibu vijana wale. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba "askari" wale walihimizwa wawe wakali. Kwangu habari hiyo ni nzito kuliko ile ya kwanza, kwani inatuuliza ni nani anayehimiza. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, mlinzi wa gereza la Filipi alitaka kujiua kwa hofu ya wakubwa wake. Paulo aliyefungwa ndiye aliyemzuia, na usiku uleule mlinzi akawaosha wafungwa majeraha yao.

Turudi kwa kijana. Tangu akamatwe hakuwa ametembelewa na mtu hata mmoja. Ukoo ulikuwa umetamka kwamba atakayekwenda kumwona ameshirikiana naye katika damu. Mama yake alikuwa akiishi migomba miwili tu kutoka kwa wazazi wa marehemu, akichota maji kisima kimoja nao. Katekista wa kigango chake alimwendea, mama akafunga mlango. Akamwendea tena. Mara ya tatu katekista alipitia kwanza kwa wazazi wa marehemu, akakaa nao hadi jioni. Waliyozungumza hakunisimulia, nami sikumwuliza.

Mama alikwenda. Alibeba ndizi zilizopikwa na maharage, akazionja mbele ya askari kama ilivyo desturi, ndipo mwanawe akala. Hawakusema mengi. Aliuliza kama mulamula umepandwa tena. Mama akasema bado.

Sitawadanganya kwamba tangu siku ile amekuwa mpole. Aligombana tena kabla ya Krismasi. Lakini safari hiyo, kwa maneno ya askari mmoja, aliitupa ndoo chini mwenyewe.

Makatekista wa Bukoba na Muleba, mnazo familia za namna hii katika vigango vyenu, na majina yao mnayajua. Siku za kutembelea hupangwa na mkuu wa gereza, anzeni kwake. Na pale ambapo kuna marehemu, piteni kwanza kwa wafiwa.

Nawatakia Jumapili njema.